Jinsi ya kusoma ukuta wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu: folti, daiki, na nani kamkata nani

Wadau habari zenu. Mimi kazi yangu ni ya miamba, naishi Arusha, na swali ninaloulizwa kila mara na wanafunzi wa fildi pamoja na waongoza watalii ni lile lile, eti ule ukuta wa Manyara umeletwa na volkano au ardhi ilipasuka? Ardhi ilipasuka. Ila volkano haiko mbali na ile kesi, na badala ya kukariri jibu langu ni bora ujue kuliona mwenyewe.

Hatua ya 1: anza na simu, nauli baadaye

Fungua Google Earth, tafuta Ziwa Manyara, halafu fuata ule ukuta kwenda kaskazini, utapita Mto wa Mbu, Engaruka, mpaka unafika Ziwa Natron. Ona ulivyonyooka. Sasa angalia ng'ambo ya pili, upande wa mashariki, hamna ukuta wa kufanana nao, ardhi inapanda taratibu tu, maana yake bonde limeshukia upande mmoja, magharibi ndo kuna folti kubwa, yaani ufa ambao miamba ya upande mmoja imeteleza ikaachana na ya upande wa pili.

Hapo hapo jizoeze kutofautisha, maana sio kila genge ni folti. Ukuta wa Ngorongoro umezunguka kama kilomita 20 kutoka upande hadi upande, ule ni mlima uliotitia katikati baada ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, kuondoka chini yake. Meru nayo ina genge la kutisha ndani, umbo la nusu duara lililofunguka mashariki, lakini pale ubavu wa mlima ulibomoka ukaporomoka, na vile vilima vilivyotawanyika kuelekea Momella ni sehemu ya kifusi chake. Kwa hiyo ukiona duara au nusu duara usikimbilie kusema folti, tafuta mstari.

Hatua ya 2: vifaa

Dira yenye kipimo cha mteremko, lenzi ya mkononi, nyundo ya mawe, daftari, penseli, maji. Nyundo usiitumie ndani ya hifadhi bila kibali, na chakula usikiache wazi maana nyani wa ile barabara ya kupanda ukuta hawana utani kabisa. Halafu kuna hili ambalo wengi hawaambiwi, lava ya besalti (ule mwamba mweusi wa volkano) ina chuma cha sumaku, ukiilaza dira juu ya jiwe sindano inaweza kukudanganya, kwa hiyo simama pembeni hatua kadhaa, lenga mstari kwa macho, soma, kisha linganisha na picha ya setilaiti.

Hatua ya 3: tazama kwa mbali kwanza

Kutoka Arusha unakunja kulia Makuyuni. Wahi asubuhi, ukuta unaangalia mashariki, mchana ukishageuka wote unakuwa kivulini na huoni kitu. Simama bondeni utafute vitu vitatu. Migongo ya milima inayoshuka halafu inakatwa ghafla ikiacha uso wa pembetatu. Chini yake, pale korongo linapotokea, rundo la mchanga na mawe lililotandazwa kama feni. Na cha tatu ni maji: mvua inayonyesha kule juu inazama, inatembea ndani ya miamba, inatokea chini ya ukuta kama chemchemi, ndo maana ukiingia geti la hifadhi ya Manyara unakutana na msitu mzito wa kijani hata kiangazi, ule msitu unakunywa maji ya chini ya ardhi. Watu wa kale wa Engaruka nao walijenga mifereji yao kwenye vijito vinavyoshuka ukuta huu huu, walijua pa kukaa.

Hatua ya 4: sogea, shika

Tafuta uso wa mwamba uliosuguliwa ukang'aa wenye michirizi. Pitisha kiganja kufuata michirizi, kwenda na kurudi. Upande mmoja mkono unateleza, upande mwingine unakwama kwama kwenye vingazi vidogo. Upande unaoteleza ndo upande ambao kipande kilichoondoka kilielekea, na kwa folti ya bonde letu unategemea uteleze kushuka chini. Pima mwelekeo wa uso, pima mteremko wake, pima na michirizi pia, andika. Ukikuta mawe yaliyovunjika yakagandana na unga, hiyo ni sehemu yenyewe iliyosagika. Kidokezo: kaskazini ukuta umejengwa na lava, ukienda kusini ndani ya hifadhi unakutana na miamba mikongwe yenye mistari myeupe na myeusi, usichanganye mistari hiyo na michirizi ya folti.

Hatua ya 5: daiki

Daiki ni magma iliyopenya kwenye ufa ikagandia humo humo, inabaki kama ukuta mwembamba unaokata tabaka. Angalia kingo zake: punje ni ndogo sana hata lenzi inahangaika, katikati punje zinakua, kwa sababu kingo zilipoa haraka. Mwamba wa jirani umebabuka, mara nyingi mwekundu. Nguzo za kupoa, yaani vipande virefu vinavyotokea mwamba ukipoa na kupasuka, kwenye lava iliyolala huwa zimesimama wima, kwenye daiki zimelala kukata ukuta. Na kama magma ilipenya katikati ya tabaka ikalala, utaijua kwa kuwa imebabua juu na chini, wakati lava iliyotiririka inababua chini tu.

Hatua ya 6: nani kamkata nani

Hii ndo kazi yenyewe. Daiki ikivuka folti bila kukatika, folti ni ya zamani. Daiki ikikatika na kipande kimeshuka, folti ilikuja baadaye. Lakini kuna wakati vinakuja pamoja, na sisi huku tumeshuhudia, Julai 2007 matetemeko yalipiga mfululizo karibu na mlima Gelai pale Ziwa Natron, kubwa lilikuwa la ukubwa wa 5.9 tarehe 17, Arusha tulilisikia na Nairobi pia, vipimo vikaonesha magma imepenya chini kama daiki bila kufika juu, na ardhi juu yake ikapasuka na kushuka kwa folti. Septemba volkano ya jirani, Ol Doinyo Lengai, ikaanza kulipuka. Kwa hiyo kwenye daftari usiandike "folti au magma", chora mchoro wa ukuta kama umekatwa kwa kisu, onesha kila mstari unaokata na unaokatwa.

Kwa mazoezi ya daiki sehemu nzuri ni Mawenzi, kile kilele cha pili cha Kilimanjaro, zimejaa na zimesimama kwa kuwa ni ngumu kuliko mwamba unaozizunguka uliolika. Kule hazifuati mstari wa bonde, nyingi zinatawanyika kutoka katikati ya mlima, kwa hiyo zipimie mwelekeo moja moja. Njia ya kupanda ya Rongai ikipitia Mawenzi Tarn, kiziwa kidogo chini ya Mawenzi, inakupa muono mzuri kutoka kambini, huhitaji kuupanda ule mwamba.