Shanga za kioo: anza na kupoza

Shanga zangu za kwanza zilipasuka zote. Nilizitoa motoni nikazianika dirishani, hapa hapa Moshi, na upepo wa jioni ukashuka kutoka mlimani. Asubuhi nikaokota vipande. Kwa hiyo usiwashe moto kabla hujapata tanuri dogo la umeme. Fimbo za rangi, yaani vijiti vya kioo laini tunavyoyeyusha kuwa shanga, hutulia mkazo wake wa ndani kwenye nyuzi 500 na kitu za Selsiasi. Uache ushanga humo tanurini nusu saa au zaidi, kisha joto lishuke polepole. Mimi hulala, nafungua asubuhi.

Chovya waya wa chuma cha pua kwenye uji wa udongo maalumu, ukauke kabisa. Bila udongo huo ushanga hautoki, hata ulie. Vaa miwani, fungua madirisha. Ingiza fimbo motoni taratibu, la sivyo itakurushia vipande. Ikilegea kama asali, iguse waya na uzungushe. Usiache kuzungusha! Ukizubaa, ushanga unaning'inia kama tone la kamasi. Na chupa ya soda usiichanganye na fimbo za dukani: havitanuki sawa, vitapasukiana.

Kusafisha tundu lililoachwa na waya, fanya ndani ya maji. Vumbi la udongo ule si la kuvuta.

Kutunga sasa. Mdomo wa tundu hukata uzi, tumia waya uliovikwa plastiki. Kati ya shanga kubwa weka zile ndogo za Kimasai, zisigongane. Hereni? Ushanga mmoja kila sikio, kioo kizito jamani.