Somo: Bunduki ya .22 ikigoma, soma ganda kabla ya kulaumu risasi

Wakuu, leo tuongelee bunduki ndogo ya .22, ile ambayo fataki yake (kiwashio cha baruti) haiko katikati ya kitako cha risasi bali imefichwa ndani ya ukingo wa ganda, duara lote. Somo ni la mwenye leseni na bunduki yake.

Mwezi wa saba mmoja nilikuwa Mufindi na ndugu yangu, tunalenga makopo kwenye ukuta wa udongo. Saa moja asubuhi, sakitu bado nyeupe kwenye nyasi. Katika risasi nne, tatu ziligoma: ta! kisha kimya. Ndugu yangu akakilaani kiwanda. Saa sita mchana, boksi lilelile, zikatoka zote. Kilichobadilika ni jua tu. Mafuta niliyoijaza bolti (kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) yalikuwa yameganda, pini inayogonga fataki ikawa inajikokota kama mtu anayetembea kwenye tope la Makete.

Hatua ya 1: tulia. Ikigoma usifungue bolti. Mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, uhesabu. Wengi husema sekunde 30, mimi hufika 60 kwa sababu sina haraka. Kuna risasi inayochelewa kuwaka, na ikilipukia nje ya chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa) ganda hupasuka, vipande vikaruka usoni. Na ukisikia "pu" dhaifu badala ya mlio wa kawaida, acha kabisa kupiga. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na risasi ya pili ikikifuata mtutu unaweza kupasuka. Hakikisha chemba ni tupu, toa bolti, chungulia kutokea nyuma. Usipoona mwanga, hiyo ni kazi ya fundi.

Hatua ya 2: soma ganda. Hatua hii wengi huiruka. Ukishahesabu na kuitoa, ishike ile risasi iliyogoma kwenye mwanga, uangalie kovu la pini ukingoni, ulilinganishe na la ganda lililolipuka vizuri.

Kovu ni la kina na liko mahali pake, lakini haikuwaka? Hapo risasi ndiyo yenye kosa. Kiwandani fataki hutiwa ikiwa mbichi, kisha ganda huzungushwa kwa kasi ili isambae ukingoni. Mara nyingine sehemu fulani hubaki tupu, na pini ikipiga hapo haina cha kuwasha. Ukiizungusha nusu duara na kuirudisha, mara nyingi inatoka. Ikigoma tena, iweke kando.

Kovu ni jepesi, kama alama ya ukucha? Tatizo liko kwenye bunduki: mafuta mazito, uchafu, au springi iliyochoka. Kovu limekatika upande mmoja? Pini imemeguka ncha.

Kuna la nne linalodanganya wengi: risasi inagoma mara ya kwanza, unaipiga tena bila kuizungusha, inatoka. Kagua chemba kwanza. Risasi hizi hupakwa nta, na nta ikichanganyika na masizi na vumbi la madini ya risasi hujenga pete ndani ya chemba. Ganda halikai hadi mwisho, na pigo la kwanza linapotea kwa kulisukuma mbele.

Hatua ya 3: safisha. Hakikisha tena hakuna risasi. Fungua bolti kama kitabu chake kinavyoelekeza, ioshe kwa mafuta ya taa, ifute hadi ikauke kabisa. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani, ulipanguse hadi ubaki utando tu. Mafuta ya alizeti tuyaachie jikoni. Nimeshaona bolti iliyopakwa hayo, baada ya miezi ilikuwa inanata kama ulimbo. Chemba isugue kwa brashi ya shaba kutokea nyuma.

Ikiendelea kugoma baada ya hapo, peleka kwa fundi wa silaha mwenye kibali.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mzee. Springi yangu imelegea, naweza kuivuta kidogo irefuke?*
Marahaba kijana. Usiivute. Itapata nguvu siku mbili, kisha italegea kuliko mwanzo. Nunua ya aina ya bunduki yako.

*Mkuu, mimi huifyatua tupu kila jioni kuzoesha kidole. Kuna ubaya?*
Kwa .22 nyingi, upo. Pasipo ganda, pini inaweza kugonga ukingo wa chemba chuma kwa chuma. Ncha inabutuka, na chemba inapata kishimo kinachozuia ganda kukaa vizuri. Baadhi ya watengenezaji wanaruhusu, kwa hiyo soma kitabu chako kwanza.

*Boksi langu lililowa mvua nikitoka Tukuyu. Nianike juani?*
Mvua ya Tukuyu haina mwenyewe, pole. Usianike wala kukausha jikoni. Unyevu ukipenya, fataki na baruti huharibika, na nje huoni kitu. Usizitumie tena.

*Na hizo zilizogoma nazitupa wapi, kaka? Chooni?*
Hapana, wala motoni, wala kuzifukia shambani ambako mtoto atazichimbua. Usizifungue kwa koleo pia. Mimi huziweka kwenye kopo lake, limefungwa na kuandikwa, mbali na nzima. Kabla hujazibeba, uliza kituo cha polisi au duka lenye leseni ulikonunua wanazipokeaje.