Kulinda rauta ya ofisi ndogo: pa kuanzia na mambo ya kuachana nayo

Rauta, yaani kifaa kinachogawa intaneti, ya duka, kliniki au ofisi ya watu watano huletwa na kampuni ya intaneti. Fundi anaiwasha, anaonyesha kwamba mtandao unashika, anaondoka. Kuanzia hapo hakuna anayeigusa hadi iharibike. Mitandao midogo mingi haivamiwi na wadukuzi hodari. Inavamiwa kwa sababu kifaa kimebaki kama kilivyotoka kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na rauta duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani.

Tenga saa moja, wakati ofisi haina shughuli. Utahitaji kompyuta na kebo ya mtandao. Usifanye kazi hii kwa Wi-Fi, maana ukibadili nywila utatolewa mtandaoni katikati ya kazi. Chomeka kebo kwenye tundu lililoandikwa LAN. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika ipconfig, kisha soma namba iliyo mbele ya Default Gateway. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Iandike kwenye kivinjari, pale juu panapokaa anwani. Jina na nywila ya kuingilia huwa kwenye kibandiko chini ya rauta.

Anza na nywila ya utawala. Hii si ile ya Wi-Fi, na wengi huzichanganya: hubadili ya Wi-Fi, ya utawala ikabaki admin. Anayeingia kwenye utawala anaweza kubadili DNS, yaani huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa namba. Ukiandika anwani ya benki yako, unapelekwa kwenye tovuti bandia. Weka nywila ndefu, iandike kwenye karatasi na uifungie kabatini pamoja na nyaraka za ofisi. Usiibandike kwenye rauta yenyewe.

Kisha sasisha programu ya ndani ya rauta, ambayo kwenye menyu huitwa Firmware. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, rauta inaweza kufa kabisa isiwake tena. Kwa hiyo iunganishe kwanza kwenye UPS au betri. Kama mtengenezaji hatoi tena masasisho ya modeli hiyo, nunua nyingine, kwa kuwa udhaifu wa usalama uliokwisha kujulikana hautazibwa.

Zima vitu vitatu. Cha kwanza ni WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kuingiza PIN ya tarakimu 8. Inaonekana kama michanganyiko milioni 100, lakini rauta huikagua PIN kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakikishia tu. Yanabaki majaribio 11,000, kazi ya saa chache kwa rauta isiyojifunga baada ya makosa mengi. Udhaifu huu ulitangazwa mwaka 2011, na bado kuna rauta zinazouzwa WPS ikiwa imewashwa. Cha pili ni Remote Management, inayoruhusu ukurasa wa utawala kufunguliwa kutoka nje. Cha tatu ni UPnP, inayoruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia mlango wa nje bila kukuuliza. Usipoziona menyu hizi, huenda kampuni ya intaneti imezificha. Wapigie uwaambie wazime wao.

Sasa Wi-Fi. Kwenye aina ya ulinzi chagua WPA3, iliyo mpya zaidi, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kama una printa au simu za zamani. Ukibaki na WPA2, kwenye njia ya kusimba data chagua AES, si TKIP: TKIP ni dhaifu na pia huikaba kasi isizidi Mbps 54. WEP, ulinzi wa zamani uliokwisha kuvunjwa, usiiguse kabisa.

Nywila ya Wi-Fi ndipo wengi wanapoanguka, hasa kwa desturi ya kuweka namba ya simu ya ofisi. Kwenye WPA2 mvamizi hahitaji kukaa nje ya mlango akibahatisha. Anarekodi zile sekunde ambazo simu moja inajiunga na mtandao, anaenda zake, halafu kompyuta yake inabahatisha huko huko nyumbani bila rauta yako kujua lolote. Namba ya simu ina tarakimu 10, mbili za mwanzo zinajulikana. Zimebaki nane, yaani michanganyiko milioni 100. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro huimaliza kwa dakika chache. Na kama namba hiyo imeandikwa kwenye bango la duka, hata kompyuta haihitajiki.

Tumia maneno manne au matano yasiyohusiana, kwa mfano kinu-mvuke-goti-sahani-74. Usitumie hayo hayo, chagua yako. Mfumo hupokea herufi 8 hadi 63, na hapa urefu una nguvu kuliko alama za ajabu ambazo wafanyakazi watazisahau. Badili pia jina la mtandao, lisitaje modeli ya rauta.

Washa mtandao wa wageni, wenye nywila yake. Wateja, runinga na simu binafsi za wafanyakazi zikae huko. Kompyuta ya mauzo na printa zibaki kwenye mtandao wa ofisi, la sivyo kompyuta hazitaiona printa. Kamera ni ngumu kidogo: kinasa picha kilichounganishwa kwa kebo huwa kwenye mtandao mkuu hata ufanyeje, maana kwenye rauta nyingi za bei nafuu mtandao wa wageni ni wa Wi-Fi pekee. Angalau badili nywila yake ya kiwandani.

Kuficha jina la mtandao achana nako. Programu za bure hulisoma, na simu zako zitakuwa zikiliita jina hilo kila ziendako. Kuruhusu vifaa kwa namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila kifaa, nako ni usumbufu mtupu: namba hiyo huigwa kirahisi, na simu za kisasa hutumia namba za kubuni, hivyo utajikuta unawafungia wafanyakazi wako mwenyewe.

Weka rauta pasipofikiwa na wateja. Kitufe cha Reset kikishikiliwa kwa sekunde kama 10 hurudisha kila kitu kiwandani, pamoja na nywila ulizobadili. Mafundi nao hukibonyeza wanapotatua tatizo, kwa hiyo hifadhi nakala ya mipangilio kwenye kompyuta na uikague rauta kila baada ya matengenezo.

Mwisho, jaribu kazi yako. Unganisha simu kwenye mtandao wa wageni, zima data, kisha fungua anwani ya rauta kwenye kivinjari. Ukurasa wa kuingia ukitokea, huenda wageni hawajatengwa: rudi kwenye menyu uondoe alama inayowaruhusu wageni kufikia mtandao wa ndani, halafu jaribu tena.