Namna ya kupokezana bunduki lindoni kwa utaratibu wa kambini

Wadau wa ulinzi hapa Mwanza, kuna swali vijana wapya wanauliza sana: kwanini wanajeshi, ambao silaha ndio kazi yao, wakiwa ndani ya kambi wengi bunduki zao hazina risasi au zimefungiwa ghalani kabisa, halafu mlinzi wa kiwanda cha samaki anazunguka nayo imekokiwa, yaani risasi iko tayari kufyatuka, kuanzia jioni mpaka asubuhi? Ukilielewa jibu lake utajua na namna ya kumkabidhi mwenzako silaha bila mtu kuumia, kwahiyo naanza na hilo.

Kambini adui yuko mbali ila bunduki iko na watu muda wote, wanakula nayo, wanaisafisha, wanapanda nayo kwenye gari wakiwa wamechoka hoi, na ikifyatuka bahati mbaya anayekufa ni mwenzako wa kitanda cha pili. Ndio maana risasi inatengwa na bunduki, inahesabiwa ikitoka, inahesabiwa ikirudi, mtu anasaini. Wanaobaki na risasi ni walio kazini, yaani getini, ghala la silaha na kikosi cha dharura, na hata hao mara nyingi magazini (kisanduku cha risasi) imo lakini chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuka, iko tupu, anakoki kukiwa na sababu. Halafu kuna hasira na msongo wa mawazo, muda ule mtu anahangaika kutafuta risasi ndio muda wa wenzake kumshika.

Utaratibu huu una gharama yake na lazima tuseme. Beirut, Lebanon, 23 Oktoba 1983, lori la mabomu liliingia kwenye jengo la wanajeshi wa Marekani, walinzi wa pale bunduki zao zilikuwa hazina risasi chemba, na lori lile halikuwapa nafasi. Walikufa Wamarekani 241. Fort Hood, Marekani, 5 Novemba 2009, mtu mmoja aliua watu 13 ndani ya kambi ambayo askari wengi hawakuwa na silaha mikononi. Baada ya mabishano marefu, 2016 Marekani waliwapa makamanda nafasi zaidi ya kuamua nani abebe. Msimamo wangu ni huu: getini magazini iwemo, ila kwenye kupokezana, kwenye kibanda cha kupumzikia na kwenye gari la kampuni, bunduki iwe tupu, hapo hakuna mjadala.

Sasa kazi yenyewe. Kabla hujagusa chochote chagua mtutu unaelekea wapi, na kwa Mwanza hapa ndipo watu wanapokosea sana. Usielekeze kwenye mawe, risasi ikigonga jabali inaruka na hujui inaenda wapi. Usielekeze ziwani pia, kuna wavuvi, na risasi ikigonga maji kwa kulala nayo inaruka vilevile. Juu hewani usiseme, itashuka Mabatini kwenye bati la mtu. Tengeneza kama wanavyofanya kambini: pipa la lita 200, lijaze mchanga laini uliochekechwa usiwe na kokoto, lilaze mshazari mdomo ukuangalie, zungushia viroba vya mchanga, liweke mbali na njia na mbali na yule mama wa chai. Mwambie bosi, haligharimu kitu cha kumshinda.

Zamu ikiisha, mtutu kwenye pipa, kidole nje ya traiga, mwenzako asimame pembeni nyuma yako kidogo. Toa magazini KWANZA, ndio ukoki. Ukigeuza, ukakoki halafu ndio ukatoa magazini, umeitoa risasi moja chemba na papo hapo umeingiza nyingine, magazini iko mkononi unajiona uko salama kumbe ndani kuna risasi inakusubiri. Ajali nyingi za "nilidhani haina kitu" zinatokea hapa hapa. Kwa bunduki ya AK kumbuka sefti (kile kifungo cha usalama) ikiwa juu haikokeki mpaka mwisho, kwahiyo magazini itoke kabla hujaishusha. Risasi ya chemba ikiruka iache ianguke, usiidake, macho yabaki kwenye bunduki.

Koki tena mara mbili tatu, kisha vuta nyuma ushikilie kwa mkono, maana AK haibaki wazi yenyewe, na uangalie chemba. Usiku macho hayatoshi, mwenzako amulike tochi, wewe ingiza kidole cha mwisho upapase kama pako wazi. Kwa bunduki ya pampu (shotgun), risasi zinakaa kwenye bomba chini ya mtutu, kwahiyo kuona chemba tupu peke yake haijamaliza, zitoe zote, zihesabu, kisha kagua na bomba lenyewe.

Anayepokea naye akague upya, hata kama alikuwa amesimama hapo anaona kila kitu, na mkubwa asikasirike kukaguliwa na kijana wa juzi. Aseme kwa sauti "nimeona, tupu" ndio apokee. Risasi zikabidhiwe mkono mwingine, zihesabiwe moja moja, namba ya bunduki na idadi viandikwe kwenye kitabu cha lindo na wote wawili wasaini, sio mmoja asaini halafu mwingine "atakuja kusaini asubuhi". Akifika kwenye nafasi yake ndio aweke magazini, bila kukoki.

Ikitokea imelia kwenye pipa, simameni hapo hapo, mtutu usitoke kwenye mchanga, mrudie hatua zote mpaka iwe tupu, mhesabu maganda na risasi, muandike saa na mtoe taarifa kwa msimamizi usiku huohuo. Na msimamizi, tafadhali, usimfukuze aliyesema ukweli, maana ukimfukuza huyo, wa pili ataficha.