Kumpangia mtoto mwenye ugonjwa wa figo dozi ya dawa za kushusha kinga

Nawaandikia manesi na matabibu wenzangu wa vituo vya wilayani. Watoto wengi tunaowaona wana sindromu ya nefrotiki: mtoto anaamka macho yamevimba, mkojo unatoa povu kwa protini. Huanzishiwa prednisoloni, dawa ya kushusha kinga, na asiyepata nafuu hupelekwa kwa daktari bingwa, ambaye anaweza kuamua apewe takrolimasi, dawa nyingine ya aina hiyo. Uamuzi ni wa bingwa, lakini vipimo anavyotegemea vinatoka kwetu.

Hatua ya 1: Pima uzito na urefu kila anapokuja. Mtoto aliyevimba amebeba maji, kwa hiyo usimpigie hesabu kwa uzito huo. Tafuta uzito wa kabla ya uvimbe kwenye kadi ya kliniki. Ukikosekana, kadiria kwa urefu wake.

Hatua ya 2: Tafuta eneo la mwili, yaani ukubwa wa ngozi yake yote kwa mita za mraba. Zidisha urefu (sm) kwa uzito (kg), gawanya kwa 3600, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mtoto wa sm 100 na kg 16 anapata mita za mraba 0.67. Prednisoloni huanza kwa mg 60 kwa kila mita ya mraba kwa siku, isizidi mg 60. Huyu atapata mg 40, yaani vidonge vinane vya mg 5. Ukitumia mg 2 kwa kilo utapata mg 32 tu. Kwa watoto wadogo hesabu ya kilo hupunja, ndiyo maana napendelea eneo la mwili. Baada ya wiki 4 hadi 6, shusha hadi mg 40 kwa mita ya mraba, siku moja anakunywa, siku ya pili anapumzika.

Hatua ya 3: Chunguza kifua kikuu, VVU na minyoo, na uangalie chanjo. Chanjo hai hazitolewi kinga ikiwa imeshushwa.

Hatua ya 4: Takrolimasi. Kwa kawaida huanza kwa mg 0.1 hadi 0.2 kwa kilo kwa siku, ikigawanywa mara mbili, saa 12 katikati. Hapa pana jambo linalotuhusu sana. Waafrika wengi wamerithi jeni ya CYP3A5 inayofanya kazi, na miili yao huivunja dawa hii upesi. Wenye jeni hiyo huweza kuhitaji mara 1.5 hadi 2 ya dozi ya kawaida. Kwa hiyo kiwango cha dawa kwenye damu kikiwa chini, usimkaripie mama kwamba hampi mtoto dawa. Huenda anampa kila siku, saa ileile.

Hatua ya 5: Damu ya kupima kiwango hicho ichukuliwe kabla ya dozi ya asubuhi. Mama anayetoka Soroti kuja Kampala humpa mtoto dawa alfajiri, kabla ya kupanda basi, kwa sababu ndivyo tulivyomfundisha. Damu ikitolewa saa nne, kipimo kitasoma juu na dozi itapunguzwa bure. Mwambie mapema aje na dozi hiyo mkobani, ampe mtoto baada ya damu kutolewa. Tumia chupa ya kifuniko cha zambarau.

Hatua ya 6: Uliza kabla ya kubadilisha. Amenunuliwa erithromaisini au flukonazoli dukani? Ameharisha? Amekula balungi? Yote hayo hupandisha kiwango. Rifampisini, fenitoini na karbamazepini hukishusha. Pasipo sababu ya namna hiyo, dozi hurekebishwa kwa uwiano: kiwango ni nanogramu 3 kwa mililita, bingwa anataka 6 (wengi hulenga kati ya 5 na 10), basi mg 1.5 kwa siku inakuwa mg 3. Rudia kipimo baada ya wiki hivi, pamoja na kreatinini (kipimo cha utendaji wa figo), potasiamu na presha.

Hatua ya 7: Andika kwenye daftari la mama, si kwenye faili la kituo peke yake: uzito, urefu, idadi ya vidonge, saa ya dozi ya mwisho, na chapa ya takrolimasi. Chapa ikibadilika, kiwango kipimwe upya.