Hiace ya dizeli inagoma asubuhi? Pima rilei ya hita kwanza

Huku Njombe, Juni na Julai, Hiace za dizeli hugoma alfajiri, kisha mchana zinawaka bila shida. Wengi hukimbilia kununua plagi za hita, zile zinazopasha joto injini kabla ya kuwaka. Naomba upime rilei kwanza, yaani swichi ya umeme inayopeleka umeme kwenye plagi hizo, maana plagi nzima zinatupwa bure kila mwaka, na hela ya mwenye gari inauma.

Pima injini ikiwa ya baridi, betri ikiwa na volti 12.4 au zaidi. Fuata waya mnene kutoka kwenye plagi hadi kwenye rilei yenye boliti mbili kubwa. Boliti inayoingiza moto (umeme wa betri) lazima isome volti za betri hata swichi ikiwa imezimwa. Isiposoma, fyuzi kubwa imeungua au waya umekatika.

Sasa mwenzako awashe swichi bila kupiga stata. Sikiliza "tak". Isipolia, pima nyaya nyembamba: kama moto na ethi (waya wa hasi) vinafika, koili ya ndani ya rilei imekufa. Visipofika, kagua taima inayoamuru rilei na sensa ya joto la maji.

Ikilia, bado. Gusisha ncha za mita ya volti kwenye boliti zote mbili rilei ikiwa imeshika. Zaidi ya nusu volti maana yake vigusio vya ndani vimeungua. Inalia vizuri tu, ila moto haupiti wa kutosha. Hapa ndipo mafundi wengi hudanganyika.

Rilei ikiwa nzima, ndipo ufungue bati linalounganisha plagi na kupima moja moja. Isiyopitisha umeme kabisa imekufa. Usiziunge moja kwa moja na betri kwa muda mrefu: baadhi ni za volti 6, zitaungua.