Kumlinganisha kasa na nungu wa baharini

Ukianza na umbo la nje utakwama mapema: huyu ana mapezi, yule ana miiba, basi. Anza na gamba.

Gamba la kasa si nyumba ya kuingia na kutoka. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo. Kwa nungu, tafuta gamba tupu lililoletwa na maji ufukweni, ulitazame kuelekea jua. Mwanga utapenya kwenye vitundu vidogo sana vilivyojipanga katika kanda tano, kutoka juu hadi chini. Kila jozi ya vitundu ni ya mguu mmoja laini. Akiwa hai, gamba hilo hufunikwa na ngozi nyembamba, kwa hiyo wote wawili hubeba kiunzi cha mwili ndani ya ngozi. Ukishatazama, lirudishe.

Sasa mdomo. Wengi humshika nungu kichwachini bila kujua: tundu kubwa la chini ndilo mdomo, wenye meno matano, haja hutokea juu. Kasa hana jino hata moja. Kasa wa kijani ana ukingo wa taya wenye vijimeno kama msumeno, wa kukatia majani ya bahari. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, ana mdomo uliochongoka, wa kuchokolea sifongo.

Wanyama hai watazame wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Fika saa moja kabla maji hayajapwa kabisa, ukiwa na viatu vya soli ngumu, kwani miiba mirefu myeusi hupenya ndala na kukatikia ndani ya nyama. Wenye miiba mifupi nao usiwashike; baadhi wana sumu. Kasa mtafute kwa barakoa ya kuogelea, penye kina. Kaa mbali naye, wala usielee juu yake: ana mapafu, lazima apande kuvuta hewa.

Mwisho linganisha chakula, maana hapo ndipo wanapokutana. Samaki kama kikande hula nungu; wakivuliwa kupita kiasi, nungu huongezeka na kumaliza majani ambayo kasa wa kijani anayategemea. Tengeneza fremu ya mita 1 kwa mita 1 kwa bomba za plastiki, ilaze kwenye majani, hesabu nungu, rudia sehemu 10. Funua majani kwa kijiti: aina moja hujifunika vipande vya majani, na ukihesabu weusi tu utapata idadi pungufu.